Sista wa Chale ya Serikali

Mwaka aliozaliwa siujui, wala sioni haya kusema hivyo, maana hata yeye alikuwa nayo mitatu. Mmoja ulikuwa kwenye cheti cha kazi, wa pili kwenye kadi ya chama, na wa tatu aliutumia misibani alipotaka kuketishwa na wazee. Kwa hiyo nitaanzia pale nilipomkuta mimi: Shinyanga mjini, katikati ya miaka ya tisini, akilizunguka gari jipya la mradi kama mtu aliyekuja mnadani kununua ng'ombe. Aligonga tairi kwa ncha ya kiatu, akachungulia uvunguni, akafungua mlango na kuufunga. Halafu akanigeukia.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, Sista. Shikamoo."

"Marahaba. Gari ni zuri. Sasa tungoje tuone kama na dereva wametuletea."

Kila mtu alimwita Sista, kuanzia madaktari mpaka wachimbaji ambao hawakuwa na heshima kwa mtu yeyote asiyeshika sururu. Alikuwa mkunga na muuguzi wa miaka mingi, mnene wa wastani, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alipozungumza Kiswahili kwa upole, ulijua kuna mtu atakwenda kulia.

Mradi wenyewe ulikuwa wa watu wenye akili nyingi. Ulitaka kujua kama chanjo mpya ya kifua kikuu, ikitolewa katika siku za kwanza za maisha, ingeamsha kinga ya seli za mtoto mchanga vizuri kuliko ile iliyozoeleka. Tulielezwa hayo kwenye semina ya siku tatu, hotelini, kwa picha za ukutani. Palikuwa na mishale ya rangi nyekundu inayotoka kwenye duara moja kwenda duara jingine. Mimi nilielewa sambusa. Wengine walisema wameelewa vyote, na ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza posho italipwa saa ngapi.

Sista hakuandika hata mstari mmoja. Lakini wiki iliyofuata, katika zahanati ya kwanza tuliyofika, nilimsikia akimweleza binti mmoja aliyekuwa amejifungua siku moja tu kabla.

"Mama, mtoto umempa mishale," alimwambia. "Imo damuni mwake, ni ya kwako, itamlinda miezi michache kisha itakwisha. Lakini sungusungu wa kulinda kijiji hukumpa. Sungusungu lazima wawe wa kwake mwenyewe, na sasa hivi wamelala, hawajawahi kumwona mwizi. Kifua kikuu ni mwizi wa kujificha ndani ya nyumba. Mshale haumpati. Anatakiwa mtu aingie humo ndani amtoe. Sasa mimi nawaletea sungusungu wako mwizi dhaifu, aliyefungwa kamba, wamtazame sura. Siku akija mwenyewe, watapiga yowe."

Binti akacheka, akafunua bega la mtoto.

Daktari Mkuu wa mradi, kijana nadhifu aliyesoma nje na kurudi na mkoba wa ngozi, alikuwa amesimama mlangoni. Hakupendezwa.

"Sista, maelezo hayo si sahihi kisayansi."

"Basi waeleze wewe kisayansi, Daktari. Mimi nitashika mtoto."

Na kweli akajaribu. Mama aliyefuata alipewa dakika kumi za seli za aina hii na seli za aina ile. Alisikiliza kwa adabu, kama watu wetu wanavyomsikiliza mgeni, halafu akamgeukia Sista kwa Kisukuma na kuuliza kama mtoto wake amekutwa na ugonjwa wa seli, na kama unapona. Ilichukua nusu saa kumtuliza. Tangu siku hiyo Daktari Mkuu alipendelea kubaki ofisini na karatasi zake, ambazo hazikuwahi kumuuliza swali.

Kovu linalobaki begani baada ya chanjo, Sista aliliita chale ya serikali. Wazee waliokuwa wakipinga sindano walipoambiwa hivyo walilegea, kwa sababu chale waliijua: unachanjwa, dawa inapakwa, mwili unalindwa. Wafadhili walipokuja kukagua na kusikia neno hilo, waliuliza kama si kuchanganya sayansi na ushirikina. Sista akawajibu kwamba yeye ni Mkatoliki safi, haendi kwa waganga. Alipokuwa akisema hivyo, mikono ya gauni lake ilikuwa imepanda kidogo, na chale tatu za mganga zilionekana wazi juu ya kila kiwiko. Wafadhili wakaandika "Mkatoliki" kwenye daftari lao.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angeweza kuwafundisha akina mama saa nzima jinsi ya kutunza mapafu ya watoto, wasipike ndani, wasivute karibu nao, kisha akazunguka nyuma ya zahanati, akachomoa kikopo cha ugoro kutoka kwenye soksi, akavuta pande zote mbili na kupiga chafya iliyotawanya kuku. Kuhusu muda wa kliniki alikuwa mkali kama hakimu, lakini yeye mwenyewe sikumbuki siku aliyotoka kwake tukiwa hatujapiga honi mara nne. Alikataa kuku wa zawadi kutoka kwa wagonjwa hadharani, kwa sauti, ili wote wasikie. Kuku hao hao niliwakuta kwenye gari wakati wa kurudi, wamefungwa miguu, na nikiuliza wamefikaje, aliniambia, "Wameomba lifti."

Uongo mdogo haukumsumbua. Mume aliyekataza mkewe asichanje mtoto aliambiwa kwamba kuna amri mpya kutoka juu. Juu wapi, hakusema. Mchimbaji mmoja aliyekataa kabisa aliambiwa kuwa mtoto asiye na chale ya serikali hawezi kushtaki mtu akidhulumiwa dhahabu ukubwani. Huyo alikimbia kumleta mtoto, na siku ya pili akawaleta wa jirani.

"Sista, huo si uongo?" nilimuuliza.

"Ni chambo. Uongo ni ule unaomwacha mtu pabaya kuliko ulipomkuta."

Nililisikia neno hilo nikacheka. Baadaye halikunichekesha tena.

Kazi ngumu haikuwa sindano. Kazi ilikuwa damu. Wiki kadhaa baada ya chanjo tulipaswa kuchukua damu kidogo ya mtoto na kuifikisha maabara Mwanza siku hiyo hiyo, ikiwa hai. Kule walizipa seli kipande cha mdudu wa kifua kikuu ili waone kama zitamkumbuka. Seli iliyokufa haina la kukumbuka. Kwa hiyo tulikuwa na makasha mawili: la bluu la chanjo, lenye barafu, na jekundu la damu, lisilo na barafu kabisa, maana baridi huziua seli.

Barafu tulipewa bure na mfanyabiashara mmoja Mhindi pale Kahama, aliyekuwa na friza ya soda. Sharti lake lilikuwa moja tu. "Sista, chukua barafu yote unataka. Lakini hiyo sanduku nyekundu hapana ingiza dukani kwangu. Wateja wanakula biskuti hapa."

Siku moja nikajiona mtu wa huruma. Jua lilikuwa kali, kasha jekundu lilikuwa limekaa kavu kama yatima, nikaona nalo nilitie barafu. Nilijaza vizuri, nikafunika. Tulipofika Mwanza, mtaalamu wa maabara alifungua, akatazama, akafunga. Damu ya watoto kumi na mmoja ilikuwa imeganda kwa baridi.

Sista hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi, akafungua kanga na kujifunga upya.

"Umewaua sungusungu wa vijiji vitatu kwa mkono mmoja, Ngosha," aliniambia. "Wezi wa ng'ombe wa mkoa mzima wamejaribu miaka kumi, hawajafikia hapo."

Kuanzia hapo hakuniamini na kasha jekundu. Vichupa alivifunga kwenye kitambaa na kuvitia kifuani, ndani ya sidiria, akisema kwamba hakuna mashine ya kizungu inayojua joto la mtoto kuliko mahali pale. Daktari Mkuu alipinga, akataja utaratibu. Kisha maabara ikaandika kwamba sampuli za kutoka kwetu ndizo zilizofika na uhai zaidi, na utaratibu ukanyamaza.

Nakumbuka tulivyofika kivukoni siku moja tukakuta foleni ya malori mpaka nje ya kijiji. Sista alishuka, akamwendea msimamizi.

"Mama, rudi kwenye foleni," yule bwana alisema bila kumtazama.

"Baba, hapa kifuani nina watoto ishirini, na wote wako hai mpaka saa nane tu."

Msimamizi akatazama kifuani, akagundua anatazama wapi, akatazama ziwani, akatazama kofia yake. Akatupungia mkono tupite. Sista alipopanda kwenye gari alisema, "Mwanamume akikuzibia njia, mwelekeze atazame mahali anapoogopa kutazama. Ataondoka mwenyewe."

Sasa nije kwenye lile la friji. Nimelizunguka vya kutosha.

Kituo chetu cha mbali kilikuwa katika kambi ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Sitaitaja, kwa sababu haipo tena. Dhahabu ilipokwisha, kambi iliezua mabati yake ikahama. Palikuwa na zahanati ya vyumba viwili, na ndani yake friji ya mafuta ya taa iliyohifadhi chanjo za mradi. Aliyeitunza alikuwa mhudumu mmoja, mzee mpole. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mafuta.

Ijumaa moja nilikuwa njiani na madumu mawili ya mafuta ya taa. Mimi na wenzangu watatu tulikuwa na duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, katika machimbo mengine, na njiani nikakutana na mtu aliyeniambia limetema dhahabu. Duara likitema, mtu mwenye akili haendi kupeleka mafuta ya taa. Nikakata kona. Nilisema nitakaa saa moja. Nilikaa mpaka Jumatatu, nikivuta kamba na kuona utajiri kwenye kila jiwe. Duara lilikuwa limetema maji na chura mmoja.

Nilipofika zahanati, mzee alikuwa ameketi mlangoni.

"Moto ulizimika Jumamosi asubuhi," aliniambia. "Nimeomba mafuta kambi nzima, sikupata. Kipimajoto kiko ishirini na nane."

"Umeandika?"

"Bado. Nilikungoja."

Nikamwambia aandike nne, namba ya friji iliyo sawa. Akauliza, nne zote? Nikamwambia, zote. Tukajaza mafuta, tukakata utambi, tukawasha, na kesho yake friji ilikuwa baridi kama kawaida. Niliona kosa limejisahihisha lenyewe. Lakini chanjo ile ilikuwa na vijidudu hai, na vijidudu vilishakufa. Chanjo iliyokufa haina harufu, haibadiliki rangi, haimlalamikii mtu. Watoto kumi na tisa walichomwa kutoka kwenye vile vichupa.

Aliyegundua ni Sista, na hakuhitaji maabara. Tulirudi kambini Jumanne moja, wiki sita baadaye, akawapanga akina mama na kuwafunua watoto mabega mmoja mmoja. Wakati kama ule pangekuwa na kipele, au kidonda kidogo kinachochimba. Hapakuwa na kitu. Mikono ilikuwa laini kama ya watoto wa kwenye kalenda. Akapita mstari wote mara mbili. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya karatasi ya friji muda mrefu, akaibandua, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Tulipokuwa njiani akaniambia nisimamishe gari.

"Nne asubuhi, nne jioni, nne asubuhi, nne jioni," alisema. "Siku tatu mfululizo. Nimeishi na friji za mafuta ya taa miaka ishirini. Hata ndoa haikai hivyo. Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, pamoja na chura. Nilijua angenicheka, na nilitamani anicheke. Hakucheka. Alitazama mbele, mahali pasipo na kitu isipokuwa barabara na mbuzi.

"Endesha," alisema.

Jumanne ile ile alikwenda kwa Daktari Mkuu. Nilikuwa nimesimama dirishani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Friji ilizimika," Sista alisema. "Watoto kumi na tisa wamechomwa maji. Tukawaambie mama zao, tuwachanje upya kwa chanjo ya kawaida ya serikali."

Daktari Mkuu alivua miwani. Alikuwa mtu mstaarabu sana, hajawahi kumkatalia mtu kwa neno fupi. Alieleza kwamba katika utafiti mtoto huhesabiwa kwenye kundi alilopangiwa, hata kama mambo hayakwenda sawa. Kuwachanja upya kungevuruga mpango. Kuwaambia wazazi kungevunja imani ya jamii. Jambo hili lingepelekwa kwenye kamati, na kamati ingekutana baada ya miezi miwili.

"Na kifua kikuu nacho kimeandikiwa barua kisubiri kamati?"

"Sista, unaongozwa na hisia."

"Ninaongozwa na mabega, Daktari. Njoo uyatazame."

Hakwenda. Waliendelea hivyo siku tatu, Sista akiingia, Daktari akieleza. Sista aliulizwa nani alihusika na friji. Aliandika taarifa kwa mkono wake: friji ilizimika, na yeye kama msimamizi alipaswa kugundua mapema. Jina langu halikuwamo. La mzee wa zahanati halikuwamo. Niliisoma mara nyingi nikijitafuta, na kila nilipojikosa nilijisikia nimependelewa, kama mjinga.

Jumamosi asubuhi alinikuta naosha gari. Alikuwa na kasha la bluu, na ndani yake vichupa vya chanjo ya kawaida alivyoomba kwa rafiki yake wa hospitali. Ruhusa hatukuwa nayo.

"Washa," alisema.

Mtu wa kwanza tuliyemkuta alikuwa Mama Kulwa. Alikuwa ameketi chini ya kibanda cha turubai akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, na mapacha wake, Kulwa na Doto, wamelala pembeni kwenye kanga moja.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mama Kulwa, nimekuja na jambo baya. Ile sindano niliyowachoma wanao haikuwa na kitu. Dawa ilikuwa imekufa."

"Imekufaje?"

"Kwa joto. Friji ilizimika, nami nikawachoma hivyo hivyo."

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo. Siku zote hizo nilikuwa nabishana na watu wenye elimu."

Mama Kulwa aliishika nyundo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama karibu na gari, hatua kumi hivi, na nilikuwa na mdomo kama watu wengine. Sikuufungua.

"Niliweka dole gumba kwenye karatasi yenu," alisema. "Mume wangu alikataa. Nikamwambia, Sista hawezi kunidanganya. Tuligombana siku mbili kwa ajili yako."

Sista aliliweka kasha la bluu chini, akachuchumaa mbele yake.

"Na sasa unataka nikupe mabega yao tena."

"Ndiyo."

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini. Angalia bega. Wiki chache zijazo kitatoka kipele, kitachimba, kitaacha alama. Kisipotoka, nakaa Shinyanga, watu watakuonyesha kwangu. Njoo na hiyo nyundo."

Mama Kulwa aliweka nyundo chini. Kisha akamnyanyua Doto, akamvua kishati, akamsogeza. Hakusema asante, na Sista hakungoja.

Tulitumia Jumamosi na Jumapili nne. Kambi ilishaanza kutawanyika, kwa kuwa palizuka rashi mpya, yaani mkimbilio wa dhahabu, huku na huku, na wachimbaji hufuata rashi kama nzi. Tuliuliza kwa akina mama wauza chapati, kwa makarani wa madalali, kwa shehe mmoja aliyejua kila mtoto aliyepewa jina. Kila mama Sista alimwambia maneno yale yale, hakuyapunguza, wala hakuyapamba. Mmoja alimtemea mate miguuni. Mwingine alitukimbiza na mwiko, halafu akatuita turudi. Sista huyu aliyekuwa akiwadanganya wanaume kuhusu amri za juu hakutafuta chambo hata mara moja.

Tuliwapata kumi na sita. Wawili, wazazi wao walikuwa wamekwenda Mererani, na Sista aliwaandikia barua akaikabidhi kwa dereva wa lori.

Wa kumi na tisa, tulipofika nyumbani kwao tulikuta wanawake wameketi nje kwenye majamvi. Mtoto alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Homa, walisema, na degedege. Kwa sehemu zile, homa na degedege ni malaria, na mtoto mdogo hivyo hafi kwa kifua kikuu haraka namna ile. Hayo nayajua sasa, nimewauliza madaktari watatu, na wote wamenijibu hivyo hivyo. Sista aliingia ndani kwa mama wa mtoto. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuja kwenye gari, akapanda, akaweka kasha la bluu mapajani.

"Umemwambia?" nilimuuliza.

"Nimemwambia."

"Lakini si chanjo iliyo—"

"Nimemwambia hilo pia."

Nikawasha gari, tukashika njia ya Kahama.

Barua ya kumfukuza ilikuja baada ya majuma mawili. Haikutaja friji, wala watoto, wala maji. Ilisema ametumia gari la mradi bila kibali siku za mapumziko, nayo iliambatanishwa na orodha ya kilomita. Mimi niliyeendesha kilomita hizo niliambiwa kwamba dereva hufuata maagizo ya mkubwa wake, nikabaki kazini. Nilipewa hata kofia mpya yenye nembo. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake, wahudumu walilia, Daktari Mkuu akatoa hotuba nzuri ya shukrani, na Sista akamwomba radhi kwa kuwa hawezi kungoja mwisho wake, basi la Didia, kijijini kwao, linaondoka.

Mradi ulimalizika salama, kama miradi inavyomalizika. Wataalamu kutoka nje walizipitia karatasi, wakawaondoa watoto wa kambi ile kwenye uchambuzi, na Daktari Mkuu akaita uamuzi huo wa busara. Chanjo mpya, tuliambiwa, ilionyesha dalili za kuamsha seli, ila utafiti zaidi unahitajika. Maana yake ni magari zaidi. Mimi sikuomba kazi tena.

Mwaka wa mwisho wa muongo ule nilikuwa naendesha lori la mpunga, natoka Kagongwa. Mara kwa mara nilipita karibu na Didia, na kila mara nilikuwa na haraka. Safari moja nikakosa haraka ya kusingizia. Nikaegesha, nikauliza, nikaelekezwa.

Nilimkuta uani akianika vipande vya viazi vitamu, michembe, juu ya mwamba. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa nyeupe zote, na gauni la uuguzi lilikuwa limegeuzwa vazi la shamba.

"Mwangaluka, Sista. Shikamoo."

"Marahaba. Ni nani huyo? Ooh, ni wewe. Umenenepa. Mpunga unakupenda."

Alinipa kigoda. Tukazungumza habari za mvua, za bei ya pamba, za mzee wa zahanati aliyekuwa amefariki. Nilimweleza mradi ulivyoisha, akacheka kidogo puani. Aliniambia Mama Kulwa alikuja kweli, miaka miwili baadaye, bila nyundo. Alikuja na mtoto wa tatu tumboni, akitaka azalishwe na yeye.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima toka Kagongwa, na nikaona huo ndio wakati wake.

"Sista, sijawahi kukushukuru. Ungenitaja kwenye ile taarifa, ningefungwa. Uliniokoa. Ulinisamehe wakati sikustahili, nami kila siku—"

"Nani alikwambia nilikusamehe?"

Aliuliza bila hasira, akiwa bado anageuza viazi.

"Taarifa... jina langu halikuwamo."

"Watoto kumi na tisa, wametawanyika machimbo yote yale, na mimi gari siwezi kuendesha. Nilikuwa na haja na dereva. Ningekutaja, Jumamosi ile ningekwenda kwa miguu." Alipangusa mikono kwenye gauni. "Mtoto yule wa kumi na tisa alikuwa anaitwa nani, unakumbuka?"

Sikukumbuka.

"Kashindye," alisema. "Kama unataka kusamehewa, mama yake anauza dagaa Kahama, sokoni, upande wa nyuma. Hapa kwangu hakuna kitu hicho."

Aliingia jikoni. Nilisikia akifunua vyungu. Niliinuka nikatafuta ufunguo wa lori, nikiwa na hakika kwamba nimefukuzwa, na kwamba ni haki. Akatoka na sahani ya matobolwa ya moto, viazi vitamu vilivyochemshwa, na bakuli la maziwa ya mgando, akaviweka mbele ya kigoda changu.

"Unakwenda wapi? Kaa ule."

Nikakaa. Nikala. Yeye alisimama pale pale, mikono kiunoni, akinitazama mpaka nilipomaliza sahani. Kisha akaichukua, akarudi jikoni, akaniongeza.